Umbali wa Salamu: Lenzi Kuukuu ya Picha za Sura katika Kazi ya Kila Siku

Lenzi za zamani zimepata soko jipya. Helios za Kisovieti, Nikkor na Takumar za Kijapani, Zeiss za Jena, zote zilizokaa makabatini tangu enzi za filamu, sasa zinanunuliwa na vijana ambao hawajawahi kuchomeka mkanda wa filamu kwenye kamera. Wauzaji huzinadi kwa sifa moja: uso unatoka mkali na kila kilicho nyuma yake kinafifia. Sifa hiyo ni ya kweli, ila haimsaidii anayetaka kujua jambo kubwa zaidi. Je, lenzi iliyoundwa kwa ajili ya nyuso, tena isiyojitafutia fokasi yenyewe, inaweza kuwa lenzi ya kutembea nayo kila siku, kuanzia sokoni na kituo cha daladala hadi barazani na kwenye sherehe ya jirani?

Inaweza, lakini faida yake kubwa haimo kwenye huko kufifia. Imo katika umbali ambao lenzi hii humlazimisha mpiga picha kusimama. Anayeuelewa umbali huo atapata chombo cha kazi kwa bei ya mtumba. Asiyeuelewa atapata pambo la rafuni.

Ilivyozaliwa

Lenzi ya kwanza iliyokokotolewa mahususi kwa picha za watu ilibuniwa na Joseph Petzval, mwanahisabati wa Vienna, mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kuutangazia ulimwengu uvumbuzi wa picha wa Daguerre. Lenzi za wakati huo zilipitisha mwanga kidogo mno, na aliyepigwa picha alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa, wakati mwingine kichwa chake kikiwa kimeegemezwa kwenye chuma. Lenzi ya Petzval, iliyotengenezwa na karakana ya Voigtländer, ilikuwa na tundu la takriban f/3.6 na ilipitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya zile zilizoitangulia. Muda wa kukaa ukashuka chini ya dakika moja, na biashara ya studio ikawezekana.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayenunua lenzi kuukuu leo. Tundu pana lilitafutwa kwa sababu ya mwanga. Kufifia kwa mandhari ya nyuma kulikuja kama gharama ya kupata mwanga huo, na mafundi wa karne ya kumi na tisa waliupigania ukali wa picha nzima kadiri walivyoweza. Kinachouzwa leo kama urembo kilikuwa kasoro iliyovumiliwa.

Karne iliyofuata ilileta koo mbili ambazo bado zinatawala meza za mitumba. Ukoo wa kwanza ni Biotar ya Zeiss, kazi ya Willy Merté. Toleo lake la milimita 58 lenye tundu la f/2 ndilo lililozaa Helios-44, iliyoanza kutengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1958, na baadaye ikauzwa pamoja na kamera za Zenit kwa wingi uliozifikisha pembe zote za dunia. Ukoo wa pili ni Sonnar ya Ludwig Bertele, naye wa Zeiss. Jupiter-9 ya Kisovieti, milimita 85, ni Sonnar kwa jina lingine. Wajapani nao walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1950 mpiga picha Jun Miki alimpiga mwenzake Mmarekani, David Douglas Duncan, kwa Nikkor ya milimita 85. Duncan alipouona ukali wa picha ile alitaka kujua lenzi ilikotoka, na baada ya muda mfupi waandishi wa picha waliokuwa wakiripoti vita vya Korea walianza kufunga Nikkor kwenye kamera zao za Kijerumani. Jina la Nikon, chapa yenye lenzi za Nikkor, katika nchi za Magharibi lilianzia hapo.

Mwaka 1953 ikafuata Nikkor ya milimita 105 yenye tundu la f/2.5, nayo ikiwa na umbo la Sonnar. Ilihamishiwa kwenye kamera ya Nikon F ilipotoka mwaka 1959, ikabadilishwa vioo vyake vya ndani mwaka 1971 ili ifanye vizuri zaidi kwa karibu, na ikaendelea kutengenezwa hadi miaka ya 2000. Makala haya yanaifanya hiyo kuwa mfano mkuu. Ni lenzi iliyodumu takriban nusu karne ikiwa na vipimo vilevile, inapatikana kwa urahisi kwenye mitumba, na imeshika nafasi katika historia ambayo tutairudia.

Umbali ndio hujenga uso

Wapiga picha wengi huamini kwamba lenzi ndefu huurembesha uso na lenzi pana huuharibu. Kwa kweli lenzi haina mkono katika jambo hilo. Uwiano wa pua, macho na masikio katika picha huamuliwa na umbali kati ya kamera na mtu. Ukisimama sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu sana na kamera kuliko masikio, na picha itaikuza. Ukirudi nyuma hadi mita mbili, tofauti hiyo karibu inatoweka. Utafiti wa madaktari wa upasuaji wa uso uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kwamba picha ya kujipiga kwa simu kutoka sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu.

Kazi ya lenzi ni kuamua ni kiasi gani cha dunia kitaingia kwenye fremu ukiwa umesimama mahali fulani. Milimita 105 kwenye kamera yenye sensa kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, huona pembe ya nyuzi 23 tu. Ukiishika kamera wima na kusimama mita mbili na nusu kutoka kwa mtu, fremu inachukua kimo cha sentimita 86 na upana wa sentimita 57. Hiyo ni picha ya kifua na kichwa, na nafasi kidogo juu ya kofia au kilemba. Umbali huohuo ndio unaoupa uso uwiano tuliozoea kuuona tunapozungumza na mtu.

Mita mbili na nusu ni umbali wa salamu. Ni mahali ambapo mtu akikuona umesimama unamtazama kimya, atakushangaa, na katika miji yetu mingi atakuwa na haki ya kukuuliza, "Vipi, ndugu, una shida gani?" Lenzi ya milimita 300 humruhusu mpiga picha kujificha ng'ambo ya barabara. Lenzi pana ya milimita 28 humwingiza ndani ya mazungumzo ya watu, bega kwa bega. Ya milimita 105 humweka mahali ambapo hana budi kufungua mdomo. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu kama lenzi ya kila siku, na ndipo pia penye masharti yake magumu.

Picha nusu na picha nzima

Sharti la kwanza ni nafasi. Kumpata mtu mzima kuanzia utosi hadi viatu, kwa milimita 105, lazima usimame karibu mita sita. Katika uwanja wa Forodhani au ufukweni nafasi hiyo ipo. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu, ambako kuta mbili zinaweza kuachana kwa mita mbili au tatu, utapiga kwa kufuata urefu wa kichochoro tu, kamwe si kwa kukikata. Ndani ya nyumba ya kawaida ya vyumba viwili, picha ya mtu mzima haiwezekani kabisa.

Hili si dogo kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki, kwa sababu wateja wake wana utamaduni wa picha nzima. Studio za pwani zilijengwa juu ya utamaduni huo. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, na studio ya Parekh mjini Mombasa, ziliwapiga watu wakiwa wamesimama mbele ya pazia, nguo ikionekana yote, viatu vikionekana, mkono ukiwa umewekwa mahali pake. Anayevaa kanga mpya au kanzu ya Idi anataka ionekane hadi pindo. Ukimpa picha iliyokatwa kifuani atakushukuru kwa adabu, kisha atauliza, "Na ile nzima iko wapi?" Mwenye lenzi ya sura moja tu begani hatakuwa na jibu. Kwa hiyo anayefanya kazi ya kulipwa aihesabu kama lenzi ya pili, pembeni ya milimita 35 au 50.

Wenye kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa wanaoanza, wafanye hesabu upya. Kwenye sensa hizo milimita 105 huona kama milimita 157 za sensa kamili. Picha ya kifua itawarudisha karibu mita nne, na picha nzima mita tisa. Umbali wa salamu umeshapita. Kwao Helios ya milimita 58 inafaa zaidi. Inaona kama milimita 87, na picha ya kifua hupatikana kutoka mita mbili na kidogo. Kosa la kawaida ni kununua lenzi kwa sifa iliyoipata kwenye sensa kamili na kuifunga kwenye kamera isiyo na sensa hiyo.

Uso uliojulikana kabla ya jina

Picha mashuhuri kuliko zote zinazohusishwa na Nikkor ya milimita 105 ni ya msichana wa Kiafghani aliyepigwa na Steve McCurry mwishoni mwa mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistani. Ilitokea kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Macho yale ya kijani yalizunguka dunia nzima. Jina la mwenye macho, Sharbat Gula, halikujulikana kwa wasomaji hadi mwaka 2002, jarida liliporudi kumtafuta. Miaka 17 ilipita watu wakiujua uso wake bila kulijua jina lake, na mjadala kuhusu idhini aliyoitoa au kutoitoa akiwa mtoto unaendelea mpaka leo.

Wapenzi wa lenzi huitaja picha hiyo kama ushahidi wa ubora wa vioo. Mimi naiona pia kama ushahidi kwamba umbali wa salamu peke yake hauleti salamu. Lenzi itakufikisha mahali pa kuuliza jina, lakini kuuliza ni kazi yako. Katika miji ya pwani, ambako wanawake wengi hawataki kupigwa picha na wageni wamejichukulia picha zao kwa miaka mingi bila kuuliza, utaratibu ni mfupi: hodi, jina, ruhusa, halafu kamera. Akikataa, umepoteza picha moja na umebaki na mtaa.

Sheria nazo zimeanza kusimama upande huo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alizitoza faini shule moja na ukumbi wa starehe kwa kusambaza picha za watu bila idhini yao. Mpiga picha wa mtaani anayepanga kuchapisha kazi yake asichukulie kwamba mambo hayo yanawahusu wenye biashara peke yao.

Fokasi ya mkono ina hesabu yake

Sasa tuingie kwenye lawama kubwa zaidi: fokasi. Lenzi hizi hazina mota. Kila picha inaanza kwa mkono kuzungusha pete, na kosa la sentimita chache linaonekana. Nikkor ya 105 ikiwa wazi kwa f/2.5, kutoka mita mbili na nusu, huacha sehemu kali yenye kina cha takriban sentimita nane na nusu. Hiyo inatosha kwa macho na pua, na masikio yanaanza kulainika. Ukisogea hadi mita moja, ambayo ndiyo karibu yake ya mwisho, kina kinashuka hadi sentimita moja na kitu. Hapo mtu akivuta pumzi tu jicho limetoka kwenye ukali.

Kinyume chake, ukibana tundu hadi f/5.6 kutoka mita mbili na nusu, kina kinafika karibu sentimita 19, yaani kichwa kizima. Ukiibana hadi f/8 na kusimama mita sita, unapata zaidi ya mita moja na nusu ya ukali, na pete haihitaji kuguswa kila mara. Hizo ndizo namba za kazi ya kila siku. Wanaolalamika kwamba lenzi za mkono hazitoi picha kali mara nyingi ni wale walioamini tangazo, wakaacha tundu wazi kuanzia asubuhi hadi jioni.

Namna ya kulenga nayo ina taratibu zake. Lenga jicho lililo karibu nawe. Weka fremu kwanza ndipo ulenge, kwa sababu ukilenga katikati kisha ukaigeuza kamera, umbali unabadilika kidogo na kidogo hicho kinatosha kuharibu. Kwa anayetembea kuja kwako, weka pete kwenye umbali mmoja na umsubiri afike hapo, maana ni rahisi kuliko kumfuata. Kwa aliyeketi, kusogeza kiwiliwili chako sentimita mbili mbele au nyuma hufanya kazi haraka kuliko kuzungusha pete. Na kwa kuwa mkono hutikisika, spidi ya shata isishuke chini ya 1/125. Kwa sensa za kisasa zenye pikseli nyingi, 1/250 ni salama zaidi.

Kamera ina mchango mkubwa hapa. Kamera za filamu za miaka ya 1970 zilikuwa na kioo cha kutazamia chenye duara katikati, ambamo mstari uliovunjika uliungana fokasi ilipotimia. Kamera za dijitali za kioo zilizokuja na fokasi ya otomatiki ziliondoa msaada huo, na vioo vyao vya kutazamia huonyesha ukali zaidi ya uliopo kwenye sensa. Unaona jicho liko sawa, picha inatoka ukali ukiwa kwenye nyusi. Kamera zisizo na kioo cha ndani, zilizoanza na Panasonic G1 mwaka 2008 na kufika kwenye sensa kamili ya bei ya kati kwa Sony A7 mwaka 2013, zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo. Unaweza kukuza jicho kwenye skrini kabla ya kupiga, au kuwasha rangi inayong'arisha kingo zilizo kwenye fokasi. Ufufuo wa lenzi kuukuu umeletwa na kamera hizo kuliko na mapenzi ya mambo ya kale.

Hata hivyo ziko kazi ambazo lenzi hii haifai, na ni bora kusema wazi. Watoto wanaokimbia, mpira wa miguu, ngoma inapopamba moto, bibi harusi anapoingia ukumbini: matukio yasiyorudiwa yanahitaji fokasi ya otomatiki. Anayekodishwa kwa harusi akaenda na lenzi ya mkono peke yake anacheza na siku ya watu.

Jua letu na vioo vya zamani

Lenzi nyingi za sura ziliundwa na watu wa Ulaya na Japani, penye mawingu mengi na studio zenye madirisha. Jua la saa sita mchana Dodoma au Mombasa ni jambo lingine. Kwa ISO 100, tundu likiwa f/2.5, mwanga huo unadai spidi ya shata inayozidi 1/4000, na kamera nyingi za bei nafuu huishia hapo. Wenye kamera hizo watumie f/4 au f/5.6, au wafunge kichujio cha giza mbele ya lenzi. Nikkor ya 105 ina uzi wa milimita 52, saizi ya kawaida mno, kwa hiyo vichujio vyake havisumbui kupatikana.

Tatizo la pili ni mng'ao. Lenzi za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa tabaka moja tu la kuzuia mwanga kurudi kutoka kwenye vioo. Zikielekezwa upande wa jua, picha huparara na weusi hugeuka kijivu. Kifuniko cha jua cha mbele, kiwe cha kununua au kile kinachovutwa kutoka kwenye lenzi yenyewe kama katika matoleo ya mwisho ya Nikkor ya 105, hurudisha sehemu kubwa ya rangi. Kivuli cha kiganja nacho kinafanya kazi.

La tatu ni kipimo cha mwanga. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa huidanganya kamera, ambayo huona weupe mwingi na kuipunguzia picha mwanga, na uso unazama gizani. Lenzi ndefu husaidia kidogo kwa sababu uso huchukua sehemu kubwa ya fremu na ukuta hubaki kidogo. Lakini usiiachie kamera. Pima kwenye shavu, kisha utazame matokeo. Kivuli cha baraza, mlango ulio wazi upande wa kaskazini au kusini, na saa moja kabla ya magharibi hutoa mwanga ambao lenzi hizi ziliundwa kwa ajili yake.

Kuifunga kwenye kamera

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na kanuni ni moja. Kila aina ya kamera ina umbali maalumu kati ya mdomo wake na filamu au sensa. Nikon F ni milimita 46.5, uzi wa M42 unaotumiwa na Helios na Takumar ni 45.46, Canon EF ni 44, na Sony E ni 18. Lenzi hukubali adapta ikiwa kamera mpya ina umbali mfupi kuliko ule wa lenzi. Kwa sababu hiyo Nikkor na Helios zote mbili hufungika kwenye Canon EF kwa pete nyembamba ya chuma, na Helios ikifungwa kwenye Nikon ya kioo haiwezi kulenga vitu vya mbali bila kioo cha nyongeza, ambacho mara nyingi huharibu picha. Kamera zisizo na kioo cha ndani hupokea karibu kila kitu.

Kwa upande wa Nikon kuna tahadhari zaidi. Mwaka 1977 kampuni ilibadilisha namna lenzi inavyoiambia kamera ukubwa wa tundu. Lenzi za kabla ya hapo ambazo hazijakatwa pete zinaweza kuvunja kijino kidogo kwenye kamera nyingi zilizofuata. Za baada ya hapo hupima mwanga vizuri kwenye D7000, D7100, D7200, D610, D750 na D850. Kwenye D3000 na D5000 na ndugu zao hufungika bila madhara, lakini kipimo cha mwanga hakifanyi kazi na mpiga picha hukadiria mwenyewe.

Mtumba na kuvu

Jina la lenzi halina thamani kama vioo vyake ni vichafu. Adui mkubwa wa lenzi pwani ni kuvu, anayeota ndani ya vioo kama nyuzi nyembamba. Hustawi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 60 kwa muda mrefu, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka. Lenzi iliyofungiwa kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati imeandaliwa mazingira bora ya kuoza.

Unapokagua lenzi, fungua tundu lote, elekeza tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kupitia mbele. Vumbi kidogo si hoja, mikwaruzo myembamba ya mbele pia. Nyuzi za kuvu, ukungu wa kijivu kote, au upinde wa rangi pembezoni pa vioo vilivyoanza kuachana ni sababu za kuondoka. Zungusha pete ya fokasi kutoka mwisho hadi mwisho. Iende kwa ulaini ule ule, bila kukwama wala kulegea. Kwa Nikkor, sukuma kijiti cha tundu na ukiachie. Majani yake yafunge na kufungua papo hapo, kwa kuwa yakivuta ni dalili ya mafuta yaliyovuja. Kagua pia skrubu, maana zilizoliwa vichwa huonyesha fundi asiye na vifaa ameshapita humo.

Ukishainunua, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyotoka ndani ya maboksi ya viatu, ukivibadilisha au kuvikausha mara kwa mara. Kopo la kawaida na kipimo kidogo cha unyevu hufanya kazi ya kabati la bei kubwa. Mchele uuache jikoni. Haunyonyi unyevu wa kutosha, na unga wake huingia kwenye pete. Kinga iliyo bora kuliko zote ni matumizi, kwa sababu lenzi inayotoka nje kila siku hupata hewa na mwanga, vitu ambavyo kuvu haivipendi.

Wanaopinga wana hoja

Hoja dhidi ya lenzi hizi zina uzito. Lenzi mpya ya milimita 50 au 85 ya bei ya chini hujilenga yenyewe, huandika taarifa zote kwenye faili, na huwa kali zaidi kwenye pembe za fremu. Simu za kisasa hufifisha mandhari ya nyuma kwa programu, na kwa picha inayoishia kwenye skrini ya simu nyingine, wengi hawataona tofauti. Na ile mizunguko ya nyuma inayoipa Helios umaarufu hutokana na mwanga unaokatwa na kuta za lenzi kuelekea pembezoni. Inavutia mara ya kwanza, na ikirudiwa kwenye kila picha inachosha.

Nazikubali zote. Kama lengo ni kufifisha tu, simu imeshinda kwa urahisi. Kama lengo ni kipato, otomatiki imeshinda kwa uhakika. Kinachobaki ni aina ya mpiga picha ambaye lenzi ya mkono humlea. Hawezi kufyatua picha ishirini na kuchagua moja, basi anasubiri. Hana zumu, basi anatembea. Na kwa kuwa anasimama mita mbili na nusu kutoka kwa mtu huku akizungusha pete polepole, yule mtu ana muda wa kuuliza inakwenda wapi picha hiyo, na anastahili kujibiwa.

Uamuzi wangu ni huu. Kwa mwenye kamera ya sensa kamili, Nikkor ya milimita 105 ni lenzi ya pili bora ya kila siku kwa bei ya mtumba. Kwa mwenye sensa ndogo, achukue Helios ya 58 au milimita 50 yoyote ya zamani iliyo safi. Aliyepewa kazi ya harusi akodishe ya otomatiki. Na yeyote atakayeinunua, kabla hajajifunza kuilenga, ajifunze kusema "hodi", na akishapiga, amrudishie mwenye uso nakala ya picha yake.